Mgongo wa Chura na Tope la Kidimbwi

Hebu wekeni majembe chini kwanza, wakwe zangu. Nimewaona mnavyoukwangua huo udongo wa chini, moyo ukanilipuka. Kabla hamjaniharibia kidimbwi, kaeni hapo ukingoni mnisikilize.

Kulikuwa na wakati chura alikuwa bubu, na mgongo wake mweupe kama muhogo uliomenywa. Aliishi kwenye vidimbwi vya nyuma ya nyumba, kimya kama maji mtungini, na watu wa huku milimani walimhesabu kuwa kiumbe asiye na kazi.

Wakati huo aliishi mama mmoja mjane, jina lake Naetwe. Usafi wake, jamani! Uwanja wake aliufagia hadi kuku wakaona haya kupita. Nyuma ya jiko alikuwa na kidimbwi alichochimba marehemu mama mkwe wake, na kando yake shamba dogo la magimbi. Kila mwaka masika yakikaribia alitoa majani yaliyooza kidimbwini, akang'oa magugu, akasubiri mvua.

Mwaka ule binti yake wa pekee, Nambike, alikuwa amerudi nyumbani kujifungua mtoto wa kwanza. Wakwe wangekuja kumtazama mtoto, na Naetwe aliona aibu wakute tope jeusi nyuma ya jiko. Akaingia na jembe, akakikwangua kidimbwi mpaka udongo mwekundu ukaonekana, na lile tope lote akalibwaga kule migombani.

Chura akamrukia mguuni. Akapanda juu ya mpini wa jembe, akaachama, akaachama tena, lakini sauti haikutoka. "Toka hapa, mchafu mkubwa wewe!" Naetwe akamsukuma kwa unyayo, akaendelea na kazi yake. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana kutwa. Kidimbwi kikajaa pomoni, maji maangavu, na Naetwe akakipigia vigelegele. Asubuhi akaenda na kibuyu chake akakuta patupu, ardhi imeyanywa yote. Mvua ya pili, vivyo hivyo. Kisha mbingu zikafunga, kama zinavyofunga baada ya mvua za mwanzo, na magimbi yakalegea majani. Katikati ya dhiki hiyo Nambike akajifungua mtoto wa kike.

Sasa, mzazi bila uji hapati maziwa, na uji haupikwi kwa mate. Mto ulikuwa mbali, chini kabisa bondeni. Naetwe alishuka na mtungi, akapanda nao kichwani, na maji yenyewe yakaishia kumwogesha mtoto. Siku moja Nambike akamwambia kwa sauti ndogo, "Mama, kifua kimekauka."  Naetwe akatoka nje, akaketi kando ya kidimbwi chake kisafi, akalia kwa uchungu.

Hapo ndipo alipomwona chura anatoka migombani, mgongo umebeba tope. Aliteremka mpaka chini ya kidimbwi, akajisugua kwenye ule udongo mwekundu, akalibandika tope lake, akageuka kufuata jingine. Nyuma yake walikuja wenzake. Walikuwa wameshabandika sehemu ndogo tu, haizidi ungo, na juu ya sehemu hiyo maji kidogo ya ile mvua yalikuwa bado yametulia.

"Maskini mimi!" Naetwe akashika kichwa. "Kumbe tope ndilo kitako cha kidimbwi. Na wewe ulikuwa unaniambia!"

Akachukua kapu. Alilirudisha tope lile kapu baada ya kapu, akalikanyaga kwa miguu huku akiimba wimbo wa kutwangia. Vyura walimzunguka, koo zimewavimba, wanajaribu kumfuata. Alipokanyaga kapu la mwisho wingu lilikuwa limeshatanda. Tone la kwanza likamdondokea chura puani, na sauti ikamtoka: krooo! Sauti mbaya, ya kukwaruza kama mlango mkavu. Naetwe alikuwa amesikia nyimbo nyingi maishani mwake, hakuna uliomliza machozi ya furaha kama ule.

Mvua ikanyesha, na asubuhi maji yalikuwapo. Magimbi yakasimama, uji ukapikwa, maziwa yakashuka. Naetwe akapiga magoti ukingoni, akachota maji kwa kiganja, akataka kumwosha chura mgongo. Tope halikutoka, lilikuwa limeshakolea. "Basi kaa nalo," akasema. "Ahsante, baba. Ahsante sana. Atakayekucheka kwa uchafu wako aje anicheke mimi kwanza." Wakwe walipofika walikuta tope jeusi na kelele nyuma ya jiko, na mtoto mnene amelala fofofo.

Na tangu siku hiyo mgongo wa chura una rangi ya tope, na mvua ikinukia huanza kuimba kabla ya mtu yeyote kuliona wingu. Na sisi tukisafisha kidimbwi hutoa majani na magugu, tope la chini tukaliacha, na tope lililotoka na magugu tukalirudisha ndani kwa kapu la mwisho tukisema ahsante. Mtoto yule wa Nambike ndiye aliyemzaa bibi yangu. Bila mgongo ule, mimi nisingekuwapo hapa kuwafokea.

Haya, shikeni makapu, masika yamekaribia. Na wewe uliyemkanyaga chura yule pale, inama umwombe radhi.