Viazi Vinne ni Sufuri

Hapo zamani za kale, zamani yenyewe ile tamu, si hizi siku zenu za kufungiana milango, wanyama walikuwa na nyumba, vibaraza na majirani wa kuombana chumvi. Tulieni niwasimulie. Shule niliiacha darasa la tano, ndiyo, lakini hesabu hii hamnifundishi ninyi wenye madaftari!

Siku hizo viazi vikuu vya mtaa mzima viliwekwa ghala moja. Kila mdomo ulipata kiazi chake, na asubuhi njia zote zilinukia viazi vya kuchomwa majivuni. Ah! Nikikumbuka nilivyosimuliwa, mate yananijaa mpaka leo.

Kisha ghala likashikwa na Bwana Kifaru. Pembe ndefu, macho hafifu, na kuhesabu mmoja mmoja aliona kazi ya wanyonge.

"Kwangu ni makumi ya karibu tu!" alinguruma. "Nyumba ya watu watano hadi tisa, naiandika kumi. Wanne kushuka chini, natupa. Sufuri!"

Nyumbani kwake walikuwa watano. Mnaona ujanja wake, eh?

Akaja Bi Pelele, yule pimbi wa maweni, kadogo, hata mkia hana, na kikapu mkononi.

"Hodi, Bwana Kifaru. Sisi tuko wanne, mimi na wanangu watatu."

"Wanne? Sufuri!"

"Sufuri? Na huyu anayelia mgongoni kwangu ni nani?"

"Makadirio hayasikii kilio, mama. Anayefuata!"

Siku ya kwanza watoto wakanywa uji mwepesi. Siku ya pili, maji. Siku ya tatu kitinda mimba hakulia tena. Alimtazama mama yake tu. Hapo Pelele akafunga kibwebwe.

Asubuhi iliyofuata akaenda ghalani na majirani wa nyumba ndogo ndogo, akina Digidigi, Komba na Nungunungu, wote sufuri kama yeye.

"Shikamoo, Bwana Kifaru. Kanuni yako nimeipenda. Hebu nielimishe mjinga mimi, nne ni ngapi?"

"Marahaba. Sufuri!"

"Hata nne ya viazi?"

Kifaru akacheka, hoo! hoo! hoo! "Nne ni nne, we mama! Ya watu, ya viazi, ya kunguni, yote sufuri!"

"Kwa hiyo nikibeba viazi vinne..."

"Hujabeba kitu."

"Majirani, mmesikia?"

"Tumesikia!"

Pelele akaingia, puruu, akatoka na vinne. "Andika, Bwana!"

Kifaru akachukua mkaa, chwaa! Sufuri ukutani.

Akaingia Digidigi. Vinne. Chwaa! Komba. Vinne. Chwaa! Nungunungu akatoka navyo vimechomekwa kwenye miiba. Chwaa! Kisha Pelele tena. Kifaru alijisikia bingwa, anachora huku anapiga mluzi. Ukuta ukajaa sufuri kama mayai ya kanga.

Safari ishirini na nne, jamani. Mara nne ni ngapi? Msikune vichwa, wenye madaftari. Tisini na sita!

Adhuhuri tumbo la Kifaru likalia, ngurrr. Akaingia kuchukua viazi vyake kumi. Akapapasa huku, akapapasa kule.

"He! Mbona vimebaki vitatu?"

"Vitatu?" Pelele akauliza mlangoni. "Kwa makumi ya karibu, Bwana?"

Mtaa mzima ukaitikia, "Sufuriii!"

Kifaru akakimbilia ukutani, pua imegusa mkaa, akaanza kujumlisha. "Sufuri na sufuri, sufuri. Na sufuri... sufuri. Hakuna aliyechukua kitu! Sasa viazi viko wapi?"

"Ungejumlisha kwanza, Bwana, ndipo ukadirie," akasema Pelele, na kikapu chake kikampita puani.

Mchana ule moshi ukapanda tena kwenye nyumba ndogo zote. Kitinda mimba wa Pelele akauma kiazi cha moto, akaungua ulimi, akaangua kilio, weee! Mama yake akacheka mpaka machozi, maana alikuwa ameikosa sauti hiyo siku nzima na usiku wake.

Nanyi shikeni hili: jibu la hesabu likadirieni mtakavyo, lakini njaa ya watu huhesabiwa mmoja mmoja.