Gego Linalolalamika

Someni hii mkiwa mmekaa, kisha mpelekeeni yeyote mwenye watu chini yake. Mimi nimeisoma mara mbili, na uchungu umenizidi.

Mzee Mbaruku alikuwa na tanuri la mikate. Aliyemkandia unga ni Mwajabu, mama mtu mzima, na kila siku alilalamika: mara mgongo, mara mabega. Mwenzake wa kukanda alikuwa Kombo, kaka wa mke wa mzee. Huyo alijilalia juu ya magunia na sehemu yake akamsukumia Mwajabu. Kila mtu aliliona hilo. Lakini shemeji wa bosi, nani amguse?

Wiki moja mzee aliumwa jino hadi akakosa usingizi. Malalamiko yakamchosha. Asubuhi akamwambia Mwajabu, "Chukua vyako uende. Nimechoka na kelele zako." Mama wa watu akafunga khanga yake akaondoka. Mzee naye akaenda kwa daktari wa meno, shavu limevimba.

"Ning'olee hili," alisema, akionyesha gego.

Daktari alitazama picha ya taya, akashusha pumzi. "Mzee, meno ya mbele hukata, chonge hurarua, lakini kusaga ni kazi ya magego. Hili ndilo linalokusagia kila unachokula, na halina ubovu wowote. Nyuma yake kuna gego la mwisho, limelala upande ndani ya mfupa. Halisagi kitu. Linamsukuma tu mwenzake."

"Sasa tufanyeje?"

"La mwisho likikaa wima na halisumbui, tunaliacha. Likiwa limetoka vizuri ila limeoza, tunapiga ganzi na kulivuta kwa koleo. Lako itabidi tupasue ufizi, tulikate vipande."

"Si ung'oe hili tu? Ni rahisi."

"Ni rahisi kweli, ndiyo maana wengi huniomba hivyo. Halafu wanarudi na maumivu yaleyale, na hawana cha kutafunia."

Mzee akakubali kupasuliwa.

Aliporudi, alikuta tanuri limepoa. Unga ulikuwa umeumuka ukamwagika sakafuni, na Kombo anakoroma. Roho ikamuuma. Akaenda moja kwa moja kwa Mwajabu, mdomo bado mzito kwa ganzi, akaomba radhi kwa maneno ya kukatikakatika.

"Rudi kazini, mama. Nilikukosea."

Mwajabu hakuinuka mkekani. "Kombo bado yupo?"

"Yupo."

"Basi niache nilale, mzee wangu. Umekuja kwangu kwa sababu kuja kwangu ni rahisi. Ukishazungumza na mkeo, njoo tena."

Funzo: Anayelalamika mara nyingi ndiye aliyebeba mzigo. Kabla hujamtoa, tazama ni nani amemwegemea, hata kama ni wa kwako.