Mize na Vivuli vya Maharusi

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Ukuta!

Ukuta wa nani?

— Wa jikoni kwa mama!

Haya, nyinyi wa nyuma sogeeni. Na wewe unayetafuna, tafuna polepole, nisikie sauti yangu mwenyewe.

Hapo zamani za kale, katika mji wa Kitopeni, palikuwa na msichana akiitwa Mize. Mji ule ulikuwa na desturi yake. Msichana akiolewa mbali, kabla hajaondoka huchorwa kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko la mama yake, upande wa uani, chini ya upenu, pale mama anapokaa kupika. Mama akikuna nazi, anamwona mwanawe. Akipepeta mchele, anamwona mwanawe. Na picha ya bi harusi haifutwi. Ikitoka nzuri, haifutwi. Ikitoka mbaya je?

— Haifutwi!

Vyema, mko macho.

Sasa, mchoraji wa mji, bibi mmoja mzee, alikufa bila kumfundisha mtu. Mize akasema moyoni, "Nafasi ile ni yangu." Mwalimu hana. Ana mkaa, na ana hamu. Akachora kuku, akatoka kama kiatu. Akachora mbuzi, akatoka kama kitanda. Akamchora mama yake, Bi Mgeni. Huyo alitoka kama nini? Sisemi, mtacheka, na yule ni mama wa watu.

Asubuhi moja dada yake, Tima, alikuwa uani anachana nywele. Jua likampiga ubavuni, kivuli chake kikaanguka ukutani. Pua ile ile, kidevu kile kile, shingo ile ile! Mize akaokota mkaa, akafuatisha ukingo wa kivuli, akajaza ndani. Tima akaondoka, na Tima mwingine akabaki ukutani. Mize akaangalia huku, akaangalia huku, akaifuta picha haraka kwa kiganja. Hakutaka mtu ajue.

Akaolewa Saumu. Mize akasema, "Tokeni nyote uani. Kuchora kunataka utulivu. Na wewe bi harusi, kaa ubavu, fumba macho." Wakatoka. Akafuatisha, akajaza. Walipoingia, vigelegele!

Akaolewa Mwatime. "Tokeni nyote uani. Bi harusi, kaa ubavu, fumba macho." Akafuatisha, akajaza. Vigelegele!

Akaolewa Kibibi. Mnajua wenyewe. Tokeni, kaa ubavu, fumba macho. Vigelegele mpaka kuku wakaruka uzio!

"Mize wee, umejifunza wapi?"

"Kwa jicho langu tu," anajibu, na kichwa kimemvimba hivi, mlangoni hakipiti.

Lakini mama yake Mwatime alikuja siku moja, akasema taratibu, "Mwanangu, picha ni yeye kabisa. Ila haniangalii." Maana kivuli kina pua na kina kidevu, macho hakina. Mize akajibu, "Ndivyo siku hizi wanavyochora." Akaona haya kidogo, akaimeza.

Sasa, kwenye ukuta wa jiko la Bi Mgeni alikuwa akikaa Mjusi. Mjusi mmoja mwembamba, mwenye kiburi kuliko ukubwa wake.

"Nimekuona," akasema.

"Umeona nini?"

"Unaiba vivuli. Nichore mimi, ninyamaze."

Mize akafikiri, hilo jepesi. Akatafuta kivuli cha Mjusi. Hakipo! Mjusi amejilaza ukutani tumbo na chokaa, kivuli chake amekilalia. Mize akajaribu kwa macho. Mjusi akatazama, akacheka mpaka akakaribia kuanguka.

"Huyu si mimi. Huyu ni mwiko!"

Mize akamtupia mkaa. "Sema basi! Mjusi wewe, nani atakusikia?"

"Mimi sisemi," Mjusi akajibu akiwa ameshapanda juu. "Siku jua litakapogoma, utasema mwenyewe."

Ikafika harusi ya nani? Ya Tima. Tima ambaye Mize alilala naye kitanda kimoja tangu utoto, anaolewa safari ya siku nyingi kutoka Kitopeni. Mama yao hakulala kwa kulia. Akasema, "Alhamdulillahi, mchoraji ninaye mwenyewe nyumbani. Mwanangu atanibakishia mwanangu."

Asubuhi ya kuondoka, wingu! Wingu zito, kutwa nzima, wala kivuli cha paka hakipo. Uani wamejaa watu, na Bi Mgeni kwa fahari yake akasema, "Leo hatoki mtu. Leo namwona mwanangu anavyochora."

Mize akasema, "Mkaa umelowa." Wakaleta mkaa mkavu.

Mize akasema, "Ukuta una vumbi." Wakapangusa ukuta.

Mize akasema, "Dada anatikisika." Tima akasema, "Mimi? Mbona nimekaa kama jiwe?" Na watu wote mle uani wanatazama mkono wake.

Akachora. Enyi jamaa, akachora. Kichwa kikatoka kikubwa, shingo ikapotea, mikono ikawa masikio. Alipomaliza, ukutani pamesimama mtungi. Mtungi wa maji, na kishikio chake!

Mmoja akacheka, wawili, kisha ua mzima. Wanawake wa watu wanashika mbavu. Mize masikio yanamwaka moto, jasho linamtoka, anatamani ardhi ipasuke aingie na mkaa wake. Lakini hiyo ilikuwa haya ndogo. Haya kubwa ilikuja mama yake alipoinuka, akajifunga kanga upya kiunoni, akasema kwa sauti, "Nyamazeni! Mwanangu leo ni mgonjwa. Tangu alfajiri ana homa. Si mnajua jinsi mkono wake ulivyo hodari?"

Na Mize hakuwa na homa. Bi Mgeni hakuwahi kusema uongo mbele za watu maisha yake yote, na ule wa kwanza aliusema kwa ajili yake. Mize akatazama chini. Angeweza kusema kweli palepale. Hakusema. Tima akamkumbatia, akapanda punda wake, akaenda zake, na nyuma yake akabaki mtungi.

Haifutwi, nilisema.

Tangu siku ile, Bi Mgeni akageuza kigoda chake. Alikuwa akipika akiutazama ukuta, sasa akapika akiupa mgongo. Hakumkemea Mize hata neno. Laiti angemkemea! Watoto wa jirani wakija kuomba moto, huuliza, "Bibi, huyu mtungi ni nani?" Naye hujibu, "Chukueni moto mwende."

Mize akashindwa kuvumilia. Akaenda kwa mama yake Saumu, akasema, "Shikamoo mama. Mwanao sikumchora, nilifuatisha kivuli." Mlango ukafungwa. Akaenda kwa mama yake Mwatime, akasema. Yule akasema, "Nilijua." Akaenda kwa mama yake Kibibi, akasema, akarushiwa maji ya kuoshea sufuria. Mwisho akamwendea mama yake mwenyewe.

"Mama, sikuwa na homa."

"Nilikushika paji la uso," Bi Mgeni akasema, wala hakugeuka. "Najua."

Mize akarudi kwa Mjusi, kichwa chini. "Nifundishe."

"Mimi sijui kuchora," Mjusi akasema. "Mimi najua kukaa tu. Kaa na wewe."

Basi masika yote wakakaa. Mize akaokota vigae vya vyungu vilivyovunjika, akachora juu yake kwa mkaa. Akachora mwiko. Akafuta. Akachora mamba. Akafuta. Akatazama zaidi kuliko alivyochora, mpaka akamjua yule mjusi kidole kwa kidole. Na siku moja kigaeni akatokea Mjusi mwenyewe, jicho lake, kiburi chake, kila kitu.

Mjusi akatazama. Akatazama tena. Akanywea.

"Mbona mkia wangu mfupi?"

"Ni mfupi," Mize akasema. "Ulikatika. Huu unaota upya."

"Nilidhani hujauona. Kila siku naukunja upande wa pili." Mjusi akaufunika kwa mguu. "Nichoree mrefu basi. Nani atajua?"

Mize akakumbuka mlango wa mama yake Saumu. Akakumbuka maji ya sufuria.

"Siwezi," akasema. "Samahani, siwezi tena."

Ikafika siku Tima akarudi nyumbani kujifungulia uzazi wake wa kwanza, kama ilivyo ada. Siku ile wingu vilevile, watu wamejaa vilevile kuja kumwamkia. Mize akachukua mkaa. "Dada, kaa hapa. Usigeuke ubavu. Nitazame."

"Nisifumbe macho?"

"Usifumbe."

Mmoja akaguna, "Haya, mtungi wa pili huo." Mize akasikia, masikio yakawaka, akaendelea. Akamchora Tima na jino lake lililomeguka, na miguu iliyovimba, na uchovu wa safari, na macho. Macho yanayotazama moja kwa moja pale anapokaa mama.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Bi Mgeni akaja akiwa na nazi mkononi, akasimama. Kisha akarudi, akakigeuza kigoda chake, akaketi akiutazama ukuta, akaanza kukuna nazi.

Na ule mtungi? Upo palepale, pembeni ya Tima. Watoto wakiuliza, "Huyu ni nani?" siku hizi anayejibu ni Mize. Uso bado humwaka anapojibu.

"Huyo ni mimi."

Ngano yangu naiegemeza ukutani hapo. Ikikupendeza, ibebe ukawasimulie wa kwenu. Isipokupendeza, nirudishie kigae changu, nifute, nichore tena.

— Tumeibeba!

Bebeni taratibu. Mkaa unachafua.