Jina Moja kwa Bonde la Nyuki

Hapo zamani, wakoloni walipokuwa wakigundua misitu iliyokwisha jaa watu, waliishi warina asali katika bonde moja la mlimani. Sheria yao ilikuwa fupi, hata mtoto aliijua: hakuna anayemtawala mwenzake, mti wenye mzinga haukatwi, na mwongo hagusi mzinga. Aliyevunja mwiko alihama bonde, basi.

Tiwas alikuwa amerithi mizinga ya marehemu mama yake. Siku serikali ilipotangaza kwamba bonde halina mwenyewe, alicheka. Askari walipoanza kuishusha mizinga ile, akaacha kucheka.

Akaenda mahakamani na kaka yake Leboo na mumewe Sitonik. Binamu yao Salaton alisema atawafuata, akajigeuza upande wa pili, akaendelea kulala.

Hakimu alikuwa mpole sana. "Serikali inaheshimu haki za wenyeji," alisema. "Lakini kabila lisilo na chifu nitalisikilizaje?"

Leboo akaazima koti la kaki na kofia nyekundu. "Chifu ni mimi, Bwana Hakimu."

Tiwas alimwonea aibu, kisha huruma, maana koti lilimbana kwapani.

"Vyema. Na shamba liko wapi? Ardhi isiyolimwa ni pori tu."

Sitonik akarudi bondeni, akauangusha mti wenye mzinga wa baba yake, akapanda mahindi huku akilia. Mahindi yakaota. Nyuki wa upande ule wakahama.

"Vyema sana," alisema hakimu waliporudi mahakamani. "Sasa nani ataapa kwamba ndivyo mlivyoishi tangu enzi za mababu?"

Tiwas akasimama. Akaapa kwamba ukoo wao ulikuwa na machifu tangu dunia kuumbwa, na kwamba bibi yake alikufa na jembe mkononi. Bibi yake hakuwahi kuliona jembe. Hata hivyo aliyasema yote.

Hakimu akafurahi mno, akawarudishia bonde. "Tena mtajitawala wenyewe kwa mila zenu, serikali haitawaingilia. Nipeni jina moja la kuandika kwenye hati. Ila awe mtu aliyeshika mila, asiyevunja mwiko hata mmoja."

Wakatazamana.

"Bila mimi tusingesikilizwa," alisema Leboo. "Nimechekwa na wake zangu kwa ajili ya koti hili."

"Shemeji, koti halioti ardhini," alijibu Sitonik. "Mahindi yangu ndiyo yaliyoonekana. Nimeuua mti wa baba yangu!"

"Nani angewaamini nyote wawili bila kiapo changu?" alisema Tiwas. "Mizinga ya mama siigusi tena. Nimeinunua kwa ulimi, na ulimi huohuo umeninyang'anya."

Ndipo Salaton akatokea, akiramba asali vidoleni.

"Poleni na safari, ndugu zangu. Mimi sijatawala mtu, sijakata mti, sijadanganya. Mtanisamehe, lakini mwenye mila hapa nimebaki mimi."

Na kweli, hakuwa amevunja lolote. Asali aliyoramba ilitoka kwenye mzinga wa Tiwas.

Haya, ninyi mnaocheka, hakimu amekwisha chovya kalamu. Mkimtaja Salaton, mmempa bonde aliyelala. Mkimtaja mmoja wa wale watatu, nendeni wenyewe mkamweleze Tiwas ni mila gani aliyoiokoa. Je, kati ya hao wanne, nani alistahili?