Khanga ya Usiku Saba

Hapo zamani, si ile zamani ya majini na mazimwi, zamani ya juzijuzi tu ya mafaili yaliyofungwa kwa kamba, mjini Tukuyu palikuwa na fundi cherehani aliyeitwa Tusekile. Alishona sare za nusu ya watoto wa mji ule. Aliwajua kwa vipimo: huyu kifua, yule urefu wa mkono. Jioni watoto walirudi kwa mama zao, naye alibaki akifagia vipande vya vitambaa. Wanawake wa rika lake waliitwa Mama Huyu na Mama Yule. Yeye, na miaka yake arobaini na moja, aliitwa Fundi. Aliitika, lakini ilimuuma.

Akaenda ofisi ya ustawi wa jamii, akasema anataka kuasili mtoto. Afisa wa hapo, Bwana Masalu, akamwambia lete barua ya mwenyekiti wa mtaa, akaleta. Lete cheti cha daktari, akaleta. Lete wadhamini wawili, akaleta watatu. Lete picha, akajishonea gauni jipya, akapiga picha, akaleta. Bwana Masalu akaja kukagua nyumba, akafunua hata kifuniko cha pipa la maji. Kisha akasema subiri. Akasubiri mwaka. Akasubiri wa pili. Akasubiri wa tatu. Kila Ijumaa alipita ofisini kuuliza, na kila Ijumaa aliambiwa faili lipo. Kwamba faili lipo alijua. Yeye alitaka mtoto.

Mwaka wa nne akaitwa. Kwenye makao ya watoto alikuwapo msichana wa miaka mitatu, Lugano, aliyeokotwa akiwa mchanga. Tusekile alimwona kupitia mlango uliokuwa wazi, amekaa chini na kiatu kimoja mguuni, akampima kwa macho urefu wa mkono.

Sasa tegeni masikio, maana hapa ndipo uzi unapoanza kujifunga fundo.

Makao yale yalikuwa na desturi yake. Mzazi anayengoja kupewa mtoto hujifunika khanga mpya usiku saba, kisha huipeleka bila kuifua. Mtoto huilalia wiki kadhaa, azoee harufu ya mama kabla ya kumzoea mama mwenyewe.

Tusekile akajifunika usiku saba. Siku ya nane akaitandaza mezani, akaitazama. Imekunjamana, ina jasho, ina mafuta ya nywele. Mtu ambaye hajawahi kumkabidhi mteja nguo yenye uzi uliochomoza, ampelekee mwanawe kitambaa kichafu? Akaifua kwa sabuni ya mche, akaipiga pasi ya mkaa, akaikunja pembe kwa pembe, akaipeleka. Nanyi msimcheke. Mgeni mliyemngoja miaka minne, hata ninyi mngemfulia shuka.

Aliyeipokea ni mlezi wa makao, Bupe. Huyu alimpokea Lugano akiwa na siku tisa, yeye mwenyewe na miaka ishirini na mmoja. Aliwahi kumwendea Bwana Masalu akaomba kumwasili, akajibiwa kwamba sheria inataka miaka ishirini na mitano. Akarudi kazini, akalea. Makao hayakuruhusu mlezi aitwe mama, kwa hiyo Lugano alimwita Dada.

Lugano akapewa khanga, akaitupa chini. Ilinuka sabuni, hapakuwa na mtu ndani yake. Siku ya kwanza akalia. Siku ya pili akalia. Siku ya tatu Bupe akajifunga ile khanga kiunoni akapika nayo, akafua nayo, akabebea watoto, kisha akampa. Mtoto akaikumbatia, akalala. Bwana Masalu alikuja kukagua, akaona khanga iko kiunoni mwa nani, akaelewa. Lakini alizikumbuka zile Ijumaa zote za Tusekile, akafumba macho.

Basi Lugano akahamia kwa Tusekile, miezi sita ya kutazamwa. Wiki ya kwanza tu akamwita mama. Mtaa nao ukadakia: Mama Lugano, hujambo. Siku moja Tusekile alikwenda dukani mara tatu bila haja yoyote, apate tu kuitwa. Na kila jioni alisimama akimtazama mtoto amezika uso kwenye khanga, akajiambia: analala na harufu yangu, hata sabuni haikuiondoa. Furaha yake ilikuwa ya kweli, na ndiyo maana nasikitika kuisimulia.

Mwezi wa sita uji ukamwagika juu ya khanga. Tusekile akaifua. Hakuwa na wasiwasi. Akajifunika usiku mmoja ili irudi kama ilivyokuwa, akampa mtoto. Lugano akainusa, akaisukuma.

"Siyo hii," akasema.

Akalia siku tatu, chakula hataki. Tusekile akambeba hadi kwenye makao. Bupe alikuwa anafua, mikono imejaa povu. Lugano akateleza kutoka mgongoni, akakimbia, akazika uso kiunoni mwa Bupe, akasinzia akiwa amesimama. Tusekile akasogea karibu na Bupe, akavuta pumzi. Harufu ile aliitambua. Aliilaza kitandani mwake miezi mitano akidhani ni yake.

Na mambo hayakuishia hapo. Mwezi uleule Bupe alikuwa ametimiza miaka ishirini na mitano, na barua yake ya maombi ilikuwa tayari mezani kwa Bwana Masalu, pembeni ya ripoti ya Tusekile iliyobaki kusainiwa. Ijumaa wote wakakaa ofisini.

Tusekile akasema, "Nimesubiri miaka minne, nimekaguliwa mpaka pipa la maji. Ananiita mama, na hajawahi kumwita mwingine hivyo. Kosa langu ni kutaka apate kitu kisafi."

Bupe akasema, "Mama, mimi nilitaka alale tu. Ningekuwa na nia ya kukunyang'anya, ningeiacha inuke sabuni, akukatae siku ya kwanza. Nilikusaidia nikiwa sina umri. Sasa umri ninao."

Bwana Masalu akasema, "Mimi niliona nikanyamaza. Ningesema siku ile, wote wawili msingeumia leo. Lakini karatasi hii ina nafasi ya jina moja."

Lugano alikuwa amelala kwenye benchi katikati yao. Kichwa kilikuwa kwenye mapaja ya Bupe. Mkono mmoja ulikuwa umekamata ncha ya futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwa Tusekile, ameikamata kweli, kiasi kwamba fundi alilazimika kukaa ameinama. Angeweza kuivua futi akanyooka. Hakuivua. Bwana Masalu akafungua kalamu, akawatazama, akaishikilia.

Nami naishia hapo, maana kalamu ile bado iko hewani. Yuko mmoja aliyeitwa mama, na yuko mmoja ambaye mtoto hulala kwake. Atakayekosa atarudi kwenye nyumba iliyo kimya. Semeni ninyi mliosikia yote: je, nani alistahili?