Mtungi Ulioitwa Mtupu

Mwanamke mmoja wa Uyole alikuwa na ghala la mabati, na ndani yake foklifti moja ya gesi, gari fupi la kunyanyulia mizigo, lenye mtungi uliolazwa nyuma ya kiti. Waliiendesha ndugu wawili kwa zamu, Ambakisye na mdogo wake Lugano, wote watu wazima wenye familia zao.

Asubuhi moja kreti la mabati liliteleza likamwangukia mpakiaji aitwaye Tuntufye, likambana mguu. Watu walishika pande zote, halikutikisika. Ambakisye akaisogeza foklifti, akaingiza meno ya gari hilo chini ya kreti. Hapo gesi ikamwishia.

Akaletewa mtungi uliojaa. Akaufunga mahali pake, akaizungusha koki yote kwa mkupuo mmoja. Injini ikakohoa, ikazimika. Akajaribu tena; kimya. Akasema ni mtupu, akaushusha. Akafunga mwingine, akaufungua kwa nguvu zaidi, ukawa vilevile. Tuntufye alikuwa ameacha kulia, na hilo liliwatisha watu kuliko kilio chake.

Lugano akamgusa kaka yake begani, naye akampisha. Lugano akaurudisha mtungi wa kwanza, ule uliokataliwa. Akaifungua koki polepole, kama mtu afunguaye mlango wa chumba alicholala mgonjwa. Gesi ikatoka mtungini ikiwa majimaji, ikapita penye joto la injini ikawa mvuke, ikachanganyika na hewa, ikakutana na cheche. Injini ikanguruma. Kreti likainuka, wakamvuta Tuntufye, mguu umevunjika, uhai upo.

"Kaka, mitungi haikuwa mitupu," Lugano akasema. "Ndani ya koki mna kilango. Gesi ikitoka kwa kishindo, kilango hujifunga, kana kwamba bomba limepasuka, ili ghala lisiungue. Kadiri ulivyolazimisha, ndivyo ulivyokuwa ukifunga."

 Ambakisye aliketi sakafuni kando ya Tuntufye, akamshika kichwa mpaka gari la hospitali lilipofika.

Basi wewe unayesema mwenzako hana upendo na mwanao hana akili, umewafungua kwa mkono gani?