Ndara Mbili za Mize

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kinyonge, lakini nawasamehe, ubwabwa bado umewakaa kifuani. Basi sikilizeni. Humu ndani ya hadithi yangu mna uongo mmoja. Mmoja tu. Mnaojifanya mmesoma, kazeni masikio muutafute. Mimi niliyeikimbia shule kabla ya kujua kugawanya nawaambia mapema, hamtaupata.

Hapo zamani za kale, wakati Korongo bado alikuwa akishusha miguu yake yote miwili akalala kama wewe na shangazi yako, palikuwa na kijiji kando ya hori. Mikoko ililizunguka hori lile pande zote. Mawimbi ya bahari kuu hayakufika, upepo ulipita juu kwa juu, na maji yalitulia kama yaliyotiwa beseni. Ndiyo maana watu walilizoea. Kila aliyekuwa na jambo la furaha alipika, akachukua jamaa zake, akaenda nao mandari kwenye fungu la mchanga lililokuwa katikati, lenye mikoko michache na tope pembeni.

Ila palikuwa na desturi. Kila anayepanda mtumbwi huvua ndara moja na kuiacha dikoni, pale mitumbwi inapofungwa. Korongo huzilinda. Hukunja mguu mmoja, akasimama kwa mwingine, na ule uliokunjwa haushuki mpaka ndara ya mwisho ivaliwe. Maji yakijaa na ndara imebaki, hupiga kelele kijiji kizima kikatoka.

Katika kijiji hicho alikuwako Mize na mdogo wake, Pandu. Mama yao alizaa wengi, wakabaki hao wawili. Pandu alikuwa anaoa Ijumaa, na Mize akataka kumfanyia mandari ya kuuaga ukapera.

Alijipanga kweli. Alimwendea Bi Kaa shimoni kwake, akamuuliza maji yatakuwaje. Bi Kaa akamwambia aje kesho. Alikwenda tena, akaambiwa bado anayapima. Alipokwenda mara ya tatu, Bi Kaa akatoka nje mzima mzima.

"Siku hiyo ni bamvua," akasema. "Maji yatakwenda mbali, yatarudi kwa haraka, na fungu litafunikwa lote. Yakigeuka tu, pandeni. Msingoje chai."

Mize akakagua mitumbwi miwili, akaziba palipovuja, akaongeza kafi la akiba. Akapika pweza, akafunga mtungi wa maji.

Siku ilipofika, watu walivua ndara dikoni mmoja mmoja, na kila mmoja Korongo alimwambia, "Nenda, ninakungoja." Ikafika zamu ya Pandu. Bwana harusi alikuwa amevaa makubadhi mapya, yananukia ngozi.

"Dada, niliache kubadhi la harusi kwenye tope? Kima akipita nalo nitaoa pekupeku?"

"Kima ana kazi gani na kubadhi lako?"

"Labda na yeye anaoa Ijumaa."

Watu wakacheka. Mize akatazama maji, akaona yanazidi kutoka. Hakutaka kubishana na bwana harusi mbele za watu. Akavua ndara zake zote mbili, akaziweka mbele ya Korongo.

"Hii yangu. Hii ya Pandu."

Korongo akazigusa kwa mdomo. "Nendeni," akasema, "ninawangoja."

Wakala, wakaimba, wakachezea mchanga. Maji yalipogeuka, Mize akawaambia watu wapande, wakapanda. Pandu peke yake alisema hapiti kwenye tope na makubadhi yake. Maji yakilifunika tope atapanda mtumbwi wa nyuma. Akaenda kujilaza kivulini, upande wa pili wa mikoko. Mtumbwi wa mbele, aliokuwamo Mize, uliondoka ukijua yuko wa nyuma. Wa nyuma uliondoka ukijua alikwenda na dada yake.

Hakuna aliyehesabu watu. Wahesabu nini, na ndara zipo?

Dikoni Korongo alimpokea kila mtu. "Umefika, vaa." Na mwingine, "Umefika, vaa." Mize alishuka na sufuria kichwani, amechoka, akaingiza mguu wa kulia, akaingiza wa kushoto, kama alivyofanya siku zote za maisha yake.

"Umefika, vaa," akasema Korongo. Watu wa mtumbwi wa nyuma nao wakaja, wakavaa, wakaenda zao. Korongo akaona tope tupu. Akashusha mguu, akaficha mdomo kifuani, akalala.

Nyumbani, mama yao alikuwa mlangoni.

"Mwenzio yuko wapi?"

Mize akafungua kinywa kusema anakuja. Kisha akatazama miguu yake.

Alikimbia. Alimwita Korongo mara tatu ndipo akaamka.

"Ndara zote zimevaliwa," akasema Korongo.

"Hii nimeivaa mimi, na leo haikuwa yangu."

Korongo akaruka. Fungu halikuwapo tena, ni maji matupu. Alizunguka mara ya kwanza, hakuona kitu. Alizunguka mara ya pili, hakuona kitu. Alizunguka mara ya tatu, akamwona Pandu juu ya mkoko, amekumbatia shina, kubadhi moja mkononi. Watu wakamfuata kwa mtumbwi, wakamleta. Ijumaa akaoa pekupeku, na hakuna aliyemcheka. Tangu siku hiyo Korongo husimama kwa mguu mmoja. Anayebisha aende horini akamtazame.

Hadithi yangu na iishie hapo, aliyelala aamshwe.

Haya, uongo uko wapi? Mmenibishia Kaa kusema, mkanibishia Korongo kulinda ndara, na hayo yote ni kweli. Niliwaambia nini mwanzoni? Ndara ya mwisho ikivaliwa, Korongo hushusha mguu. Sasa, kama Pandu alirudi, yule ndege anangoja nini mpaka leo?

Uongo wangu ni hapo aliporudi; kweli yenyewe ni hii. Korongo alipozunguka mara ya tatu, mkoko ulikuwa mtupu. Kubadhi moja alilileta, aliliokota majini. Mize akavua ndara moja, akairudisha palepale dikoni, akaenda na mguu mmoja mtupu kumwambia mama yake.

Na Korongo akakunja mguu.